Mbwa wa Kilo Moja na Nusu

Tangu jana saa kumi jioni Njugu hakuwa ametia kitu mdomoni, na sasa ilikuwa saa nne asubuhi.

Wahu alikuwa akizihesabu saa hizo tangu walipotoka Lodwar. Gari la mradi liliruka shimo hili likatua kwenye lile, na kila liliporuka yeye aliingiza mkono ndani ya kikapu alichokipakata, akapapasa mpaka avisikie vile vimbavu vyembamba vikipanda na kushuka. Akishavisikia alitoa mkono, akatazama nje, na kabla hawajapita hata miti miwili akauingiza tena.

"Utamchosha," Longor alisema, macho barabarani.

"Ametulia sana."

"Si ulitaka atulie?"

"Nilitaka atulie. Sikutaka anyamaze."

Longor akacheka kidogo. Siku nyingine kicheko kile kingetosha kumfanya Wahu asahau alichokuwa akilalamikia, maana alikuwa na kicheko cha chini chini ambacho mtu alikipata kwa bahati tu. Leo kilipita bila kumgusa.

Mapenzi ya mtu mzima na mbwa wa kilo moja na nusu ni kazi ya kutwa, na asiyeyajua na acheke. Njugu aliletwa Lodwar na mzungu mmoja wa shirika, na mzungu alipopanda ndege kurudi kwao alimwacha kwenye kibanda cha Wahu, fundi wa kushona sare za shule, akisema atamtumia mtu kumchukua. Mtu huyo hakutokea. Mwaka ule wa kwanza Wahu alikuwa mgeni sokoni, hana hata jirani wa kumwita kwa jina, na ghafla akawa na kiumbe kilicholala juu ya mguu wake alipokanyaga cherehani na kuamka kabla yake alfajiri ili kumtazama usoni. Watoto walipanga foleni dirishani kumwona mbwa anayetosha kwenye kofia. Wakubwa nao waliuliza kama ni panya.

Raha hiyo ilikuja na hofu zake. Mwewe waliokaa juu ya kichinjio walimpigia hesabu. Mbuzi waliopita sokoni wangemkanyaga bila hata kujua wamekanyaga kitu. Mteja mmoja mnene nusura amkalie. Mchanga wa Lodwar saa saba mchana ulimchoma nyayo, hadi Wahu akamshonea soksi nne za kitambaa cha khaki, mabaki ya kaptura za darasa la tatu, na mji mzima ukacheka wiki nzima.

Hakuna aliyecheka kama Longor. Alikuja na daftari la mradi kuorodhesha mbwa wa mjini ili wapewe dawa ya minyoo. "Mbwa yako iko wapi?" aliuliza, na Wahu alipoinua kitambaa cha meza na kumwonyesha, Longor alikaa chini kabisa, hapo hapo mavumbini, akacheka mpaka machozi. Kwenye safu ya ukubwa aliandika alama ya kuuliza. Kesho yake akarudi kurekebisha. Kesho kutwa akarudi kuhakikisha amerekebisha vizuri. Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka 2012. Sasa ilikuwa Januari, na walikuwa njiani kwenda Kakuma kwa mama yake.

"Hebu turudie," Longor alisema. "Ukifika?"

"Nisalimie ejok. Nisikae mpaka niambiwe."

"Na akiuliza hii mbwa inalala wapi?"

Wahu akauingiza tena mkono kikapuni.

"Wahu. Inalala nje."

"Halali nje, Longor."

"Najua halali nje. Lakini leo inalala nje. Siku moja tu. Tafadhali."

Wahu akamtazama upande wa uso, pale alipompenda zaidi, kwenye kovu dogo chini ya sikio, na akaona jasho. Kijana huyu aliyewashika mbwa wakali wa maboma yote kutoka Lokori hadi mpakani alikuwa anamwogopa mama yake. Na alikuwa na sababu. Jirani mmoja wa Kakuma alipita Lodwar mwezi wa kumi, akamwona Wahu akimbusu Njugu mdomoni, akaenda kusimulia. Tangu siku hiyo Asekon, mama yake Longor, alikuwa amesema neno moja tu kuhusu ndoa hiyo: hapana. Na bila neno lake hakuna mzee wa ukoo ambaye angekanyaga Mukurwe-ini, kwao Wahu, kwenda kumwombea Longor mke.

"Akishaona kwa macho yake dawa ya minyoo inaingia, atapoa," Longor alisema. "Na lazima iingie kwa tumbo tupu. Hivyo ndivyo anajua."

"Ukisema tumbo tupu mara nyingine nitashuka."

"Tumefika," akajibu.

* * *

Asekon aliishi kando ya lagga, mto mkavu wa mchanga, mahali ambapo nyumba za mabati za mji zinaishia na vibanda vya majani ya mikoma vinaanza. Alikuwa ameketi kivulini akisuka kikapu, mwanamke mrefu mkavu, shanga zimemfunika shingo yote hadi kidevuni. Kando yake alikuwa jirani yake Nyagoa, mama wa Sudan Kusini aliyetoka kambi ya wakimbizi, akipuliza moto chini ya birika.

"Ejok, mama," Wahu alisema.

"Ejok-noi." Asekon hakuinua macho kutoka kwenye ukili. "Umetoka Kenya?"

"Nimetoka Lodwar, mama. Nyumbani ni Mukurwe-ini."

"Ndiyo. Kenya." Kwake Kenya ilianzia huko kusini, nje ya Turkana. Akasuka kamba tatu nzima. "Na hiyo ndani ya kikapu?"

Longor akadakia. "Mama, ndio hiyo mbwa. Nimekuja kuipatia dawa mbele yako. Haijakula tangu jana, kama zamani. Angalia mwenyewe."

Wahu alimtoa Njugu kwenye kikapu. Nyagoa aliacha kupuliza moto. "Da shunu?" alishangaa kwa Kiarabu chake cha Juba, hiki ni nini, kisha akaangua kicheko. Asekon hakucheka. Aliinua macho kwa mara ya kwanza, hakumtazama Wahu, alitazama mdomo wa mbwa, na akajivuta nyuma na kikapu chake.

"Haya, patia," alisema.

Longor alitoa kidonge, akakikata kwa wembe, akakata kipande, akakata tena hicho kipande, mpaka kilichobaki ni chembe ya kubandika kwenye ncha ya kidole. Mikono yake ilikuwa mipole. Aliufungua mdomo wa Njugu, akaiweka chembe nyuma ya ulimi, akaufunga na kumpapasa koo. Kisha akamtazama Wahu kwa jicho lile la kusema, umeona, imekwisha. Wahu akaishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Lodwar.

Chai ikamiminwa. Wahu akaambiwa aketi, akaketi kwenye ukingo wa ngozi. Asekon aliuliza kama baba yake yu hai. Yu hai. Mama yake? Alifariki. Asekon akakiweka kikombe chini kwa heshima, na heshima ile ilimpa Wahu tumaini kidogo. Labda, alifikiri. Labda Longor alijua alichokuwa akifanya.

Hapo ndipo Njugu alipoanza kutetemeka.

Kwanza Wahu alidhani ni woga. Akamfunika kwa upindo wa leso. Mtetemeko ukapanda kutoka miguu ya nyuma mpaka masikioni, kisha ukakoma ghafla, na kichwa kidogo kikaangukia mkono wake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama.

"Njugu?" Akamtikisa. "Njugu! Longor, angalia! Longor!"

Longor aliruka akapiga magoti. "Lete nione."

"Umempa nini?"

"Dawa ya minyoo, Wahu, ile ile ya kila siku..."

"Umempa nini!" Aliipiga mikono yake akaiondoa. Machozi yalikuwa yameshatangulia na sauti ikafuata, kubwa kuliko alivyowahi kumpigia mtu. "Mbwa hakuwa mgonjwa! Alikuwa mzima nyumbani kwangu! Umemtoa Lodwar umlete huku umuue mbele ya mama yako ili akufurahie?"

"Usiseme hivyo."

"Ungeniambia tu! Ungesema, Wahu, chagua. Ningejua nimechagua nini!"

Nyagoa aliweka birika chini. Kwenye nyumba ya pili mtu alichungulia. Longor alibaki amepiga magoti, mikono mitupu, uso umesawijika, na Wahu akaona kwamba yeye pia hajui. Hilo lilimtisha zaidi. Alikuwa akimpoteza Njugu mikononi na Longor mbele ya macho, wote wawili kwa mara moja, na hakujua amshike nani.

Asekon akasimama. Alizunguka moto, akainama, na bila kugusa akausogeza uso wake karibu na ule uso mdogo uliokuwa umelegea. Alitazama ufizi. Alitazama tumbo lililozama chini ya mbavu. Hakuchukua muda.

"Akoro," alisema. Kisha, kwa kuwa Wahu alimkodolea macho tu, akasema kwa Kiswahili. "Njaa. Hii hapana gonjwa. Hii iko na njaa."

"Njaa?"

"Mimi najua njaa. Imekuja kwa nyumba yangu mara nyingi kuliko wageni. Nyagoa, sukari!"

Nyagoa akaja na mkebe. Asekon akatia sukari kwenye kifuniko, akaidondoshea chai, akakisukuma kifuniko kwa Wahu.

"Kidole chako. Paka kwa nyama ya meno. Hapana mwaga, itaenda kwa pafu. Paka tu. Ngoja. Paka tena."

Wahu akapaka. Nyagoa akamshika kiwiko kumsaidia. Akapaka ufizi wa juu, akapaka wa chini, akangoja, akapaka. Jua lilisogea kidogo kwenye miguu yao. Longor hakuthubutu hata kusimama.

"Haoni, mama. Hanioni."

"Paka."

Akapaka. Alijikuta anaomba, kwa Kikuyu, maneno aliyomwombea mama yake hospitalini, na aibu ya kumwombea mbwa maneno yale haikumzuia. Kisha kitu kidogo chenye unyevu kikagusa ncha ya kidole chake. Ulimi. Mara moja, halafu hakuna. Halafu tena, na tena, mpaka Njugu akawa analamba kidole kile kwa pupa, na macho yake yakageuka yakamtafuta mwenyewe.

Wahu alilia waziwazi kama mtoto, bila kuficha uso.

Alipofuta machozi, alimwona Asekon amerudi nyuma hatua mbili. Mzee hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiutazama ulimi ule kwenye kidole.

"Nilikuwa na msichana," Asekon alisema. "Apua. Longor alikuwa hajazaliwa."

"Mama, si lazima," Longor alisema.

"Nyamaza." Akaketi, taratibu. "Sisi huko mbali hatukuwa na maji. Maji ya kunywa ni mwendo wa nusu siku, ya kuosha mtoto utatoa wapi? Mtoto akichafuka, unaita mbwa. Mbwa inakuja, inalamba, mtoto safi. Kila nyumba. Mbwa ndiyo ilikuwa maji yetu, ndiyo ilikuwa yaya. Yangu ilikuwa mbwa nzuri. Ukiita mara moja, imefika." Akageuza bangili mkononi. "Apua alianza kuvimba tumbo akiwa na miaka saba. Tulifikiri ameshiba. Miaka tisa, tukamzika. Baadaye sana ndiyo watu ya dawa walikuja kusema, ni kidudu kwa mbwa. Ilikula matumbo ya mbuzi, ikapata kidudu, ikalambia mtoto. Na nani aliita mbwa? Mimi. Na mdomo yangu hii."

Wahu alitaka kusema pole, na neno lilikuwa dogo mno. Akakitoa kidole chake mdomoni mwa Njugu, akakipangusa kwenye leso.

"Sasa nakuuliza wewe," Asekon alisema. "Hapana Longor. Wewe. Hii inalala wapi?"

Longor aliinua kichwa. Macho yake yalimsihi, yale macho yaliyokuwa yakimsubiri nje ya kibanda kila Jumamosi jioni, na Wahu alijua kwamba neno moja tu, nje, lingemrudisha nyumbani akiwa mchumba wa mtu. Alimtamani Longor kiasi cha kuumwa kifuani. Angelisema, ni nani angejua? Lakini mama yule alikuwa amemtolea mtoto wake kutoka kaburini akamweka hapo katikati yao, na Wahu hakuweza kumjibu kwa uongo.

"Kitandani, mama. Kwenye mto wangu."

Longor akafumba macho.

"Longor alikuja kuniambia inalala nje."

"Longor ndiye aliyesema. Mimi sikusema."

"Na siku utazaa?"

"Siku hiyo atalala chini, kwenye sanduku lake, na mlango wa mtoto nitaufunga. Nitalia, mama, sitakudanganya. Nitalia na nitaufunga. Nyama mbichi hajawahi kula tangu nimpate. Dawa atapewa kila mara. Lakini sikuwa nimejua habari ya Apua. Hakuna aliyeniambia."

Asekon akamgeukia mwanawe, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo Longor alionekana kuliogopa kuliko kelele.

"Nani alisema mbwa ikae na njaa?"

"Mama, zamani..."

"Zamani ilikuwa dawa ya kuharisha. Tulifunga mbwa usiku yote, asubuhi zinapewa. Hii ya leo ni dawa ile?"

"Hapana," Longor alikiri. "Hii hata ikikula, ni sawa."

Wahu alisikia damu ikimpanda masikioni. "Hata akila ni sawa?"

"Nilitaka mama aamini. Ingekula, angesema sio dawa kamili. Mbwa za huku zinakaa siku mbili bila kitu na zinakimbia, Wahu. Sikujua ndogo hivi haiwezi. Wallahi sikujua."

"Jana jioni alinililia," Wahu alisema. "Alisimama kwenye sahani yake akanililia, nikamnyima, kwa sababu wewe ulisema."

"Kwa sababu yangu," Asekon alisema. "Kitu yenye pumzi imenyimwa chakula kwa sababu yangu. Nyumba hii. Longor, miaka ile nilikutafunia mizizi mwenyewe nikakutia mdomoni, ili siku moja uje unifungie mbwa ya mtu na njaa?" Akanyoosha kidole kuelekea juani. "Wewe toka hapa. Sisi tunakula."

"Mama..."

"Toka."

Akatoka. Asekon akaingia kibandani, akarudi na sahani ya nyama ya mbuzi iliyochemshwa na ugali. Aliketi juu ya ngozi, akapapasa nafasi iliyo karibu naye, si ule ukingo wa kwanza, na Wahu alipokaa, mzee akammegea kipande cha nyama chenye mafuta akamtia mkononi. Kipande kingine, kidogo, kilichoiva sana, akakiweka kwenye kifuniko cha mkebe na kukisogeza kwa ncha ya mwiko, mkono umenyooshwa kabisa, uso umegeuzwa pembeni.

"Kidogo kidogo," aliagiza. "Na hapana karibu na sahani yangu."

"Ndiyo, mama."

"Mukurwe-ini ni mbali?"

Wahu aliacha kutafuna. "Ni mbali, mama. Ni siku mbili, ukibahatika."

"Wazee yangu miguu inauma. Lakini watafika," Asekon alisema, akaendelea kula.

Nyagoa akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Wahu aliinama juu ya Njugu ili asionekane. Furaha ilikuwepo, ilimjaa kabisa, lakini ndani yake palikuwa na mahali palipouma, na mahali pale palikuwa na jina la Longor.

Aliomba sahani ya nyama. Asekon akampa bila kuuliza ya nini.

Longor alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la gari, pale ambapo hapakuwa na kivuli cha kutosha hata mguu mmoja. Alimwona akija, akasimama, kisha akachuchumaa tena, hajui lipi ni sahihi. Wahu akaweka sahani chini baina yao, akakaa ng'ambo ya pili.

"Mzima?" Longor aliuliza.

"Anakula."

"Na mama?"

"Wazee wako wataenda kwetu."

Uso wake ukafunguka, mkono ukaanza kuja, na Wahu akautazama mkono ule mpaka ukasimama njiani.

"Yeye amesema ndiyo," Wahu alisema. "Mimi sijasema. Uliniambia nimdanganye, na mimi ukanidanganya. Yote asubuhi moja."

"Nilikuwa na hofu ya kukukosa."

"Hata mimi nilikuwa na hofu hiyo. Tangu Lodwar. Ungeniambia habari ya Apua tungeogopa pamoja."

Longor aliangalia mchanga. "Nilifikiri ukijua, utaona sisi ni watu wa namna gani."

"Nimeona. Nimeona mama yako ni mtu wa namna gani. Wewe ndiye bado natazama."

Longor alikaa na kichwa chini, jua likimpiga utosini, na mvuke wa nyama ukimpita puani, na hakunyoosha mkono. Toka asubuhi, Wahu alikumbuka, huyu naye hakuwa ametia kitu mdomoni. Alipofika kumchukua alikataa hata chai, akasema mate hayapiti.

"Sitasema tena lolote ambalo si kweli kwako," Longor alisema. "Hata likiwa baya. Hata likinikosesha wewe."

"Hata kwa mama?"

Hilo lilimchukua muda. Wahu akasubiri, kwa sababu alijua kwamba Longor akijibu upesi, yeye Wahu atainuka na kuondoka.

"Kwa mama itakuwa ngumu," alisema mwishowe. "Nitajaribu. Nitakosea, utanikumbusha."

Kutoka kivulini Njugu alibweka mara moja, sauti ya kukwaruza, dhaifu, na Asekon akasikika akimkemea kwa Kiturkana. Wahu aliichukua sahani, akaisogeza mpaka ikagusa vidole vya miguu ya Longor.

"Kula," alisema.